Mtu Aliyetarajiwa Kutuzika Sote

Mimi sikusoma. Niliachia darasa la tatu, nikaenda kuchimba mitaro ya mabomba ya maji kule Spring Valley, nikapanda kutoka sururu hadi spana, kutoka spana hadi kandarasi, na leo nina nyumba za kupangisha Uthiru ambazo hakuna mtu aliyenisaidia kuweka hata jiwe moja. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue ni nani anaongea. Ninachosimulia hapa sikukitoa kitabuni, hata kuandika naandikiwa.

Mtu ninayetaka kumweleza tulimwita Mwenye Bucha. Jina alikuwa nalo, tena zuri, la babu yake, lakini waliolitumia walikuwa wachache na mimi sitalitumia. Alikuwa na bucha katika soko la Kenyatta miaka yote ya themanini na kipande kikubwa cha tisini. Nimejuana na watu wengi Nairobi hii, hata wakubwa, nimewatengenezea vyoo vyao, na wengi nimewasahau. Huyu ananijia bila kuitwa. Nikipita mbele ya bucha yoyote, shoka likagonga gogo, shingo yangu inageuka yenyewe kumtafuta mtu mfupi aliyesimama juu ya kreti la soda.

Sisemi mfupi kama watu wafupi unaowajua. Alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka kumi, na kila kitu chake kililingana na kimo hicho, mikono, miguu, kichwa. Kwa mbali ungesema ni mtoto wa shule amevaa koti jeupe la mtu wa maabara. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa kwaya. Kidevuni hakuwa na unywele hata mmoja. Ilibidi umkaribie sana ndipo uone kwamba ngozi ya uso ina mikunjo midogo midogo, kama karatasi iliyofinywa kisha ikanyooshwa kwa kiganja. Alinizidi umri.

Na huyu ndiye aliyekabidhiwa siri ya mahali alipozikwa baba yangu. Hiyo ndiyo haja niliyokuwa nayo kwake kwa miaka yote hiyo, na sitaificha. Nilikula nyama yake, nilicheka naye, nilimpenda hata, lakini kila nilipomtazama nilikuwa natazama mdomo.

Siku ya kwanza nilimkosea, kama kila mtu. Niliingia na njaa ya kazi, matope mpaka magotini.

"Kijana, mwenye duka ako wapi?"

Hakuinua macho. "Mwenye duka ameshika kisu."

"Nimekuuliza vizuri."

"Na mimi nimekujibu vizuri. Unataka ya kuchoma ama ya kwenda nayo?"

Kibanda cha pili kulikuwa na mwanamke anayesuka nywele, mkubwa, mwenye kicheko cha kuvunja vyombo. Sote tulimwita Mama wa Saluni. Akatoa kichwa nje, kitana kimechomekwa nyweleni. "Wewe baba na matope yako, huyo ni mzee wako! Mpatie heshima yake, la sivyo utauziwa mifupa!"

Nilipatiwa mifupa. Nilirudi wiki iliyofuata nikamwita Mzee, nikapata nyama.

Hilo la kuitwa Mzee halikuwa mchezo kwake. Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akiingia mahali pa kunywa, kabla hata ya kukaa, anatoa kitambulisho mfukoni na kukiweka juu ya meza, uso wa picha juu, kama mtu anayecheza karata. Nilimpeleka baa moja Westlands nikafikiri hapo hatakihitaji, maana mimi ninajulikana pale. Mhudumu akaniletea bia, yeye akamletea soda na mrija. Mwenye Bucha akautoa ule mrija, akaufunga fundo, akaurudisha ndani ya chupa.

"Mpelekee mtoto wako," akamwambia yule mhudumu. "Na mimi uniletee ya baridi."

Askari walimsimamisha. Makondakta walimbeba kwapani kumpandisha gari bila kumuuliza. Akina mama wazuri tu, wenye roho safi, walimshika kichwa. Hakuwahi kuvumilia. Aliwaambia maneno ambayo mtoto hawezi kuyajua, na kwa sauti ile ya kwaya maneno hayo yalikuwa makali mara mbili. Mama wa Saluni alikuwa akimwita "mume wangu" mbele ya wateja, na yeye alikasirika kila mara, na kila mara alikasirika polepole zaidi. Aliwahi kupeleka watu kwa mwanamke mmoja wa kule kwetu, miaka ya nyuma. Wazee wa kule wakauliza kama kweli wanaletewa posa ama wanachezewa. Hakurudia. Hayo alinieleza akinoa kisu, na hakuacha kunoa.

Kazi aliijua. Sitaki kusema aliijua kuliko watu wote, kulikuwa na wachinjaji wazuri sokoni, lakini alikuwa na njia yake. Ng'ombe akiletwa, wengine hutazama meno au pembe au unene wa paja. Yeye alisubiri moyo utolewe, akatia kidole ndani ya ule mshipa mkubwa unaotoka juu yake. Aliwahi kunishika mkono akakiingiza kidole changu humo. Wa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ulikuwa laini, unavutika kama mpira wa baiskeli. Kisha akakiingiza kwenye mwingine, na huo ulikuwa mgumu, unakwaruza ndani, una vipande vya njano vilivyojishika kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

"Hii ni nyanya, bibi kizee," akasema. "Yule mtu ameniambia ni mtamba. Ngozi nzuri, macho mazuri, ananiuzia nyanya ya mtu."

"Unaweza kuona kwa nje?"

"Kwa nje hakuna kitu unaweza kuona, bwana."

Alisema hivyo akiwa anatafuna. Alikuwa anatafuna daima. Alipenda mafuta kuliko nyama, yale mafuta meupe ya kifuani, akiyaweka juu ya makaa mpaka yatoe machozi, na mutura, ile ya kujazwa damu na vipande vya mafuta, alikuwa akila kipande kirefu kama mkono wake. Tumbo alikuwa nalo, tumbo la mviringo, laini, la ajabu kwa mtu wa kimo kile. Nikimtania ananiambia, "Wewe ndiye uache. Wewe unazeeka."

Maana hilo nalo alikuwa nalo. Alichukia kuitwa mtoto, lakini kwamba hazeeki alilipenda. Katika yote aliyonyimwa alilichukua hilo moja kuwa mali yake. Sote tulikuwa tunaota mvi, magoti yanalia, na yeye anapanda kreti kama jana. Ukimuuliza habari, hasemi mzima, anasema "Niko." Mzee wa viazi alikufa, yeye yuko. Mwenye duka la vitambaa, Mhindi mmoja mpole sana aliyekuwa akipitia Jumamosi kununua mbuzi, alikufa, yeye yuko. Watu walianza kumwachia funguo. Kisha wakaanza kumwachia maneno. Mtu mzima huongea mbele ya mtoto kama anaongea mbele ya kabati, na watu walisahau wakaongea mbele yake hivyo, mambo ya ndoa zao, ya wana wao wa nje. Hakurudia hata moja. Ndipo wakaanza kumpa kwa makusudi.

Sasa nifike kwa baba yangu.

Alikufa kwa homa wakati wa Hali ya Hatari, wakati watu wa kwetu walikuwa wanaondolewa mashambani na kusukumwa vijijini, na ukitembea nje ya saa za amri ulikuwa unapigwa risasi. Mama yangu alikuwa mgonjwa, mama mdogo, mke wa pili wa baba, alikuwa na mimba. Aliyemzika ni jirani yetu, peke yake, haraka, shambani kwetu Uthiru, bila msalaba wala jiwe, maana udongo mbichi ulikuwa unaulizwa maswali. Tuliporudi shambani baadaye, mahindi yalikuwa yameota na kukatwa na kuota tena. Mzee Jirani ndiye pekee aliyejua, na alikataa kusema.

Alikuwa na sababu, na mimi ambaye imeniumiza nasema ilikuwa ya haki. Mimi na ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, tulikuwa hatuongei. Shamba lilikuwa halijagawanywa. Kwetu, palipo kaburi la baba ndipo penye boma. Angesema ni upande huu, mmoja wetu angeshika upande huo na kusema yeye ndiye mwenye nyumba ya baba, na mwingine angekuja na panga. "Gawaneni kwanza," alituambia. "Kila mtu akishika chake, mtaonyeshwa."

"Na ukifa?"

"Kuna mtu ataambiwa."

Tulijua ni mzee gani? Tulidhani ni mchungaji. Tulidhani ni chifu.

Mwenye Bucha kwao kulikuwa Uthiru vilevile, ng'ambo ya barabara. Wazee wakiwa na kikao cha mbuzi, ni yeye aliyeitwa kuchinja na kukata, maana pale kijijini hakuna aliyekata vizuri kama yeye, lakini akishamaliza kukata haketi. Kuna nyama ya wazee, na kuna nyama ya vijana, na kuna nyama ya watoto, na yeye hawakujua wampe ipi, kwa hiyo walimpa ya kufungia kwenye gazeti aende nayo. Miaka na miaka. Siku moja nilikuwepo. Mzee Jirani, tayari anatembea na fimbo mbili, akachukua kipande cha nyama ya wazee kutoka sahani yake, akamwita kwa jina lake lote, la babu yake, akampa mkononi.

Mzee mmoja akasema, "Huyu?"

"Angalia huo uso," Mzee Jirani akasema. "Ninyi wote mkishaoza, huyu atakuwa anapanda baiskeli. Mimi sitaki kutundika mzinga kwenye mti mkavu. Nimemwambia yote."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu waliona ni kweli. Mmoja baada ya mwingine, miezi iliyofuata, walimfuata kumwambia mipaka yao, mahali pa visima vya zamani, nani alizaliwa na nani. Watu wenye akili zao. Hakuna aliyeuliza kitu kingine. Walitazama uso laini wakadhani wametazama mtu mzima wote. Yeye alikaa chini, miguu haifiki sakafuni, akala ile nyama polepole sana. Mzee Jirani alikufa kabla ya mvua.

Nilimjaribu, siwezi kusema sikumjaribu. Nilimnywesha. Nilimpeleka mpaka shambani nikamtembeza nikiangalia macho yake yanasimama wapi. Hayakusimama popote. "Mmegawana?" ananiuliza. Namwambia bado, kesi iko kwa chifu. "Basi ninunulie chai."

Kumpeleka kwa daktari lilikuwa wazo langu. Alianza kuchoka. Kupanda kreti anapumua, na mara moja shoka lilimtoka mkononi likaanguka, akalitazama kama lililetwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimebadilisha mabomba nyumbani kwa daktari mmoja Kalasinga, Spring Valley, mtu mtulivu mwenye kilemba cha Kisingasinga na ndevu nyeupe, na kliniki yake ilikuwa mjini, ghorofa ya pili. Zile ngazi Mwenye Bucha alizipanda akisimama kila kona, akijifanya anasoma majina ya milango.

Daktari alimwita Mzee kabla ya kuangalia kitambulisho. Nilimwona rafiki yangu akikaa wima. Alipimwa damu, akarudi wiki nyingine, akapakwa mafuta shingoni na kupitishwa mashine yenye picha. Daktari akamshika mkono, kidole juu ya mshipa, akakaa nao muda.

"Mzee, chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Yako haikutoa homoni ya ukuaji tangu utotoni. Ndiyo sababu mwili ulisimama."

"Hiyo najua. Si ni mimi nimesimama nayo?"

"Sikiliza. Watu wanadhani kazi ya hiyo homoni ni urefu peke yake. Hata mtu mzima anaihitaji. Inasaidia mwili kumaliza mafuta, inasaidia mishipa ya damu kubaki laini. Wewe umeishi bila hiyo. Mafuta ni mengi kwa damu, na mishipa hii ya shingo imekuwa minene, migumu, njia imebaki nyembamba." Akamgeuzia ile picha. "Uso wako ulisimama. Mishipa haikusimama, Mzee. Ilikupita. Ningeonyeshwa hii picha bila kukuona, ningesema ni ya mtu wa miaka themanini."

Mimi sikuhitaji kutafsiriwa. Nimeng'oa mabomba ya chuma kwenye nyumba za kizungu yaliyopakwa rangi kila mwaka, nje yanang'aa, ukikata ndani kumejaa kutu mpaka penseli haipiti. Na siku yanapopasuka hayakuambii. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa anacheka.

"Daktari, hiyo ni picha ya mtu mwingine."

"Ni yako."

"Kuna dawa ya hiyo homoni?"

"Iko ng'ambo, sindano, na wanawapa watoto zaidi. Wewe nitakupa vidonge vya presha na vya mafuta. Na nyama ya mafuta uache kabisa."

"Mimi ni mchinjaji, daktari."

"Basi uza. Usile."

Tuliposhuka alisimama barabarani, watu wanampita juu ya kichwa, karatasi ya dawa mkononi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Usiseme Uthiru."

"Kwa nini?"

"Wataanza kuniangalia."

"Si wanakuangalia tayari?"

"Wananiangalia kama mtu mdogo. Hiyo nimezoea." Akaikunja karatasi. "Nikiwa mtu wa kufa, wataninyang'anya vitu vyao. Wataenda kumwambia mwingine."

Nikamwinamia. Sikuwahi kumwinamia, alikuwa hapendi. "Basi mimi nipe changu. Leo, hapa. Nipe baba yangu, na mengine ukae nayo."

"Mmegawana?"

"Unajua hatujagawana. Umesikia daktari amesema nini?"

"Daktari amesema juu ya mishipa. Mdomo ni wangu." Kisha akaniambia neno ambalo hunijia nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa nahesabu matofali, popote. "Mtoto ndiye anasema akibembelezwa. Wewe umenibembeleza miaka ngapi? Nimesema?"

Watu wote walimpima kwa kamba. Mtu mmoja tu, Mzee Jirani, alimpa kitu cha kubeba kama mwanamume, na mimi nilikuwa namwambia akiweke chini kwa sababu amechoka.

Mafuta hakuacha. Alipunguza mbele yangu, akala nyuma yangu, Mama wa Saluni aliniambia. Vidonge alimeza siku anazokumbuka. Nadhani hakuamini. Angeamini vipi? Kila asubuhi kioo kilimwonyesha mtu ambaye hana unywele mweupe hata mmoja. Sisi wengine mwili hututangulia kutwambia. Wake ulimficha. Na tumemwambia sisi wenyewe, kijiji kizima, tumemwambia miaka yote kwamba yeye ndiye atatuzika, na mtu akiambiwa kitu kizuri mara nyingi hivyo, anakikalia.

Mimi nilirudi Uthiru nikaenda moja kwa moja kwa ndugu yangu. Nilisimama nje ya lango lake nikasema nakubali kugawana vile anataka, achukue upande wa bonde wenye maji. Alinitazama kama mwizi. Alitafuta mtego. Ilichukua miezi mingi ya yeye kutafuta mtego ambao haukuwepo, na sikuweza kumwambia kwa nini nina haraka, maana nilikuwa nimepewa neno barabarani nami nililishika. Hatimaye mpima ardhi akaja, bikoni, yale mawe ya mpaka, zikachimbiwa chini, tukatia sahihi, yeye sahihi, mimi kidole gumba. Siku ya pili yake nilichukua pikapu asubuhi nikaenda soko la Kenyatta. Nilikuwa naimba ndani ya gari, mimi nisiyeimba.

Bucha ilikuwa imefungwa. Kreti lilikuwa nje, limepinduliwa.

Mama wa Saluni alitoka, hana kitana nyweleni. "Ulikuwa wapi? Ameanguka jana. Alikuwa anamkatia mtu mbavu, akasema kichwa, akaanguka. Mdomo umeenda upande."

"Anaongea?"

"Baba wewe, nakwambia mtu ameanguka, unaniuliza anaongea?"

Lakini aliniangalia vizuri, akaona, akanijibu. "Haongei."

Hospitali walisema mshipa wa kichwani umeziba. Upande wa kulia ulikufa wote. Walimweka kwanza wodi ya watoto, kwa kosa la mtu wa kuandikisha, na alikaa humo nusu siku, ndovu na twiga wamechorwa ukutani, macho wazi, hawezi kumwambia mtu yeyote. Nilipofika nikapiga kelele hadi wakamhamisha. Sijui kama alinisikia. Natumaini alisikia.

Aliporuhusiwa, Mama wa Saluni alimchukua chumbani kwake, nyuma ya soko. Hakuulizwa na mtu. Alimlisha uji kwa kijiko na kumfuta, na akimfanyia hivyo alimwita Mzee, hakumwita tena mume wangu. Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Nilimtajia miti, mfereji, upande wa barabara, upande wa bonde, nikimwambia afumbe jicho nikifika. Alifumba kwa yote, au hakufumba kabisa. Mbele ya maneno yangu uso wake ulifanya kazi kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Uso ule ulikuwa bado wa mtoto. Hata siku hizo hakuzeeka.

Mara ya mwisho ni ile nilipompeleka shambani. Alikuwa amejifunza kutembea kidogo, mguu mmoja anauburuta, fimbo mkono wa kushoto. Mama wa Saluni alikaa naye mbele, amemfunika shuka mabegani. Tulipopunguza mwendo pale Uthiru kununua maji, mwanamke mmoja akachungulia dirishani, akasema, "Pole, mama. Mtoto anaugua nini?" Yeye akatazama mbele tu.

Ndugu yangu alikuwa amesimama kwenye bikoni, mikono amekunja. Nilikuwa nimemtumia ujumbe. Hakunisalimu.

Mwenye Bucha alishuka akakataa kushikwa. Akaanza kwenda. Tulimfuata nyuma, watu wazima watatu. Alipita mahali pa nyumba ya zamani bila kusimama, akaingia upande wa ndugu yangu, akateremka karibu na ua wa mikaratusi. Hapo akaiachia fimbo. Akapiga goti moja, akaweka kiganja chini, na polepole akalala kwenye nyasi kwa ubavu, miguu imekunjwa, uso umeelekea mlimani, vile wafu wa kwetu hulazwa.

Ndugu yangu alivua kofia.

"Ni hapa?" nikamuuliza. Nilikuwa nimepiga magoti tayari. "Mzee. Ni hapa?"

Alinitazama. Mdomo ule uliopinda ulifunguka, ukatoa pumzi. Kisha akaanza kuinuka. Mama wa Saluni alitaka kumsaidia, akausukuma mkono wake. Akapanda tena kwa kuburuta mguu, akavuka mpaka, akaingia upande wangu, penye majani ya ng'ombe, na akalala tena. Vilevile. Ubavu uleule, uso mlimani.

"Na hapa?" akasema ndugu yangu.

Ndipo akalia. Alilia kilio cha mtu mzima kwa ile sauti ya kwaya, akipiga ardhi kwa mkono mzima, kisha akiunyoosha kule alikolala kwanza, kisha anapiga tena hapa. Nimelitazama jambo hilo miaka yote hii kama nilivyokuwa nikimtazama mdomo. Labda alisahau, yale mabomba yalipoziba yalimfutia kila kitu yakamwachia ardhi tupu. Labda alichoka tu. Labda alikuwa anatwambia jambo ambalo mimi na ndugu yangu hatukuwa na akili ya kuliuliza.

Mama wa Saluni alimwinua akamfuta majani shavuni. "Inatosha," akatuambia, kwa ukali. "Amesema vile anaweza. Hamtamuuliza tena."

Tulisimama pale gari likimsubiri. Ndugu yangu alikuwa bado ameshika kofia.

"Mimi sitajenga pale chini," akasema, bila kunitazama.

"Na mimi sitajenga hapa."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana bila chifu katikati tangu tukiwa vijana. Mwenye Bucha alikufa kabla ya mwezi kuisha, na tulimzika mimi na ndugu yangu tukishika sepetu pamoja, na wazee waliompa mipaka yao walisimama pembeni na fimbo zao, hai wote, wakitazamana.

Leo pale kwetu kumejaa nyumba za mawe, zangu na za ndugu yangu, hadi mtu hapiti. Kuna vipande viwili tu vya nyasi, kimoja huku na kimoja kule, na madalali wanatucheka. Waacheni wacheke. Jioni ya siku ile tuliyompeleka shambani nilirudi peke yangu kutia mawe kabla nyasi hazijainuka. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mama alikuwa akisema ilibidi ainame kila mlango. Alama mbili nilizozikuta zimelala kwenye nyasi zilikuwa na urefu wa mtoto.